Gari Lililokuwa Likiishia Kanisani

Bwana asifiwe! Kaeni, kaeni. Leo sitahubiri muda mrefu. Najua hiyo ahadi mmeshaisikia, na wazee wa kanisa pale mbele wameanza kutazamana, lakini kaeni.

Nataka niwasimulie habari ya bwana mmoja. Msianze kugeuka nyuma kumtafuta. Hasali hapa, na nimemtunga mwenyewe jana nikiwa nanyoa ndevu. Ila ukiona anafanana na wewe, hayo ni mambo yako na Roho Mtakatifu. Mimi simo.

Bwana huyu alizaliwa milimani, juu kabisa, kule ambako ukishapita Lushoto unaendelea kupanda mpaka masikio yanaziba. Akaja Dar es Salaam akiwa kijana, akafanya kazi, akahangaika, akapanga chumba kimoja, baadaye viwili, mwishoni akajenga Goba. Na miaka yote hiyo, ikifika Desemba, alipanda basi kwenda kumwona mama yake. Begi mapajani, mkate wa mama kwenye mfuko, magoti yamegota kiti cha mbele, lakini alifika. Hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja.

Kisha Mungu akambariki, akanunua gari.

Sasa ngoja niwaambie hilo gari, maana halikuwa gari la mchezo. Jipya, jeusi, la chini, la kifahari, na injini yake ni dizeli. Si dizeli hizi mnazozijua za kukohoa moshi mpaka jirani anaanua nguo. Dizeli ya kisasa! Ukisimama kando yake unajiuliza kama imewashwa. Ukipitisha leso nyeupe kwenye bomba la moshi, leso inatoka nyeupe. Na viti vya ngozi, ukibonyeza kitufe vinapasha joto. Jamani! Mtu anakaa Goba, usiku analala na feni mbili na bado jasho linamtoka, kanunua kiti cha kumpasha moto. Kwaya mnacheka nini? Mngepewa mngekataa?

Akalipenda gari lile. Akalipenda kupita kiasi, tuseme ukweli. Yale manailoni yanayokuja na viti kutoka kiwandani hakuyatoa. Mkewe akikaa, akitaka kushuka, lazima kwanza ajibandue. Ukialikwa kupanda, unavua viatu mlangoni kama unaingia kwenye sebule ya mtu. Kazini alikwenda kwa bodaboda, eti maegesho ya ofisini hayana kivuli. Mtu ana gari la kifahari, anafika ofisini na vumbi la bodaboda kwenye nyusi!

Kwa wiki nzima gari lilikuwa na safari moja tu. Kutoka nyumbani mpaka kanisani, kilomita moja na nusu, na kurudi. Basi. Akifika analifunika turubai.

Lakini msidhani alilitelekeza. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, anatoka na bukta, anafunua turubai, anawasha injini. Linakaa pale uani linanguruma taratibu dakika kumi na tano, yeye amesimama anasikiliza huku anatabasamu. Kisha anazima, anafunika. Anasema, "Nalipasha, lisije likazoea kulala." Wangapi mnafanya hivyo? Hapana, shusheni mikono, msijiaibishe.

Na Jumapili, baada ya ibada, akirudi na gari uani, hashuki mara moja. Anabaki ndani, injini inawaka, kiyoyozi kinapuliza, anampigia mama yake simu. Mwana mwema, hakosi Jumapili hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utakuja lini?"

"Nitakuja, mama. Tatizo ni barabara ya huko juu, mawe tupu, na gari hili liko chini sana."

"Basi panda basi, kama zamani."

"Mama! Mimi leo nishuke kwenye basi pale stendi? Wote wanajua nina gari. Si watasema benki imelichukua?"

Mnaona? Wakati hana gari, alifika kila mwaka. Alipopata gari, safari ikamshinda. Gari hawezi kwenda nalo, na bila gari hawezi kwenda. Krismasi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikawa inakaribia.

Jumapili moja mama akamwambia neno lingine. Akasema, "Mwanangu, nisikilize. Daktari ameniambia hii ni presha ya macho. Kuona kwangu kwa pembeni kumekwisha kote. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa natumia, lakini kilichokwenda hakirudi. Njoo niuone uso wako kabla hilo tundu halijaziba."

Ndugu zangu, ukiambiwa hivyo na mama yako unafanya nini? Mimi najua mtakavyojibu hapa kanisani. Mtasema tungeondoka siku ile ile. Bwana yule naye alilia, machozi ya kweli, pale pale kwenye kiti cha ngozi. Akasema, "Mama, nakuja. Krismasi hii nakuja." Akazima injini, akafunika turubai. Hiyo Krismasi ikaja, na yeye yupo Goba, anapangusa vioo.

Sasa, siku moja ya Jumatano, amewasha injini asubuhi kama kawaida, akaona kwenye dashibodi taa ndogo ya njano ambayo hakuwahi kuiona. Akaipuuza. Jumapili akaenda kanisani, na pale kwenye kilima kidogo, kile ambacho hata bibi mwenye fimbo anakipanda, gari likaishiwa nguvu. Anakanyaga mafuta, gari linakwenda polepole kama linasindikiza msiba. Bajaji ikampita! Dereva wa bajaji akampungia mkono!

Jumatatu asubuhi yuko kwa fundi. Fundi huyu ni wa siku hizi, hana nyundo, ana kompyuta. Akachomeka waya, akasoma, akakuna kichwa.

"Bosi, hili gari huwa unakwenda nalo wapi?"

"Kanisani."

"Na wapi tena?"

"Na... kurudi."

Fundi akamwangalia. "Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nalipasha uani. Dakika kumi na tano kila siku, sikosi." Kasema hivyo kifua mbele, anangoja kusifiwa.

Fundi akafunga kompyuta taratibu. "Bosi, gari lako linaumwa kukaa. Sikiliza. Dizeli za kisasa hazitupi moshi mweusi nje, sawa? Lakini moshi haujaacha kuwepo. Masizi yote yanakamatwa na kichujio huko chini, kwenye bomba. Na hicho kichujio hakisafishwi kwa sabuni. Kinajisafisha chenyewe kwa moto, na ule moto haupatikani mpaka gari likimbie mwendo mrefu bila kusimama simama. Wewe kila asubuhi unawasha, linatoa masizi, halijapata moto wa kutosha, unazima. Miaka mitatu! Bosi, ulikuwa hulitunzi. Ulikuwa unalikaba koo."

Bwana akakaa kwenye tairi bovu lililokuwepo pale. "Sasa dawa?"

"Kuna kichujio kipya." Akaandika bei kwenye kikaratasi, akamwonyesha. Sitaitaja, humu ndani kuna wagonjwa wa presha. "Au kuna njia nyingine. Mimi nimelisaidia kidogo kwa kompyuta, lakini wa kumalizia kazi ni wewe. Lipeleke mbali. Mwendo wa saa nne, saa tano. Taa ikizima, limepona. Wikiendi hii hii, lisizibe kabisa. Kwani kwenu ni wapi?"

"Lushoto. Kupita Lushoto."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Lushoto! Halafu uko hapa unaniuliza mimi dawa?"

Basi Jumamosi, alfajiri, mzee mzima anaondoka Goba na mkewe. Mkewe kafurahi, kabeba sukari, sabuni, na vitenge viwili vya mkwe. Yeye kabeba chupa sita za maji ya kuoshea gari. Wanakwenda. Chalinze wanapita. Gari likaanza kupumua, mnajua? Linavuta, linateleza, linaimba. Yeye mwenyewe akashangaa, maana miaka mitatu hakuwahi kujua gari lake linaweza nini. Analimiliki, halijui! Na kabla hawajafika Segera, ile taa ya njano ikazima.

"Imezima!" akapiga kelele. "Mama watoto, imezima! Haleluya!"

Mkewe akasema, "Amina."

Wakafika Segera, akaingiza gari kituo cha mafuta, akasimama. Akaikodolea macho dashibodi. Mkewe akamtazama, akamwelewa. Mke akikaa na mtu miaka ishirini, anamsoma kabla hajafungua mdomo.

"Unafikiria nini?"

"Nafikiria... gari si limeshapona? Fundi alisema taa ikizima, limepona. Na ile barabara ya mawe kule juu... Tungeweza kugeuza hapa, tukampigia mama, tukamwambia..."

Ndugu zangu, naomba mtulie hapo kidogo. Mama macho yanamziba. Mtoto yuko Segera, amebakiza saa tatu hivi. Na anafikiria kugeuza! Msimzomee. Nani hapa hajawahi kumwendea Mungu kwa sababu ya ugonjwa, akapona njiani, akageuza? Umefunga, umeomba, umeahidi, "Bwana, mtoto akipona nitakutumikia." Mtoto kapona Alhamisi. Jumapili uko wapi? Uko Segera, ndugu yangu, unageuza gari.

Mkewe alijibandua kwenye nailoni, akafungua mlango, akashuka, akatoa mfuko wa sukari na vile vitenge. Akasema, "Mabasi ya Lushoto yanapita hapa hapa. Wewe rudi na mgonjwa wako." Akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Bwana akamfuata nyuma na lile gari la kifahari, kioo kimeshushwa, anasihi, "Mama watoto, panda. Panda basi, tunakwenda. Watu wanatuangalia!" Mke alipanda pale tu alipohakikisha mume kakata kona ya kwenda Mombo.

Wakapanda mlima. Wakapita Lushoto. Ikaanza ile barabara ya mawe, na kila jiwe likigonga tumbo la gari, bwana anasema "Yesu!" Safari nzima hakuwa ameomba kiasi kile. Hatimaye wakafika.

Mama alikuwa sebuleni na akina mama watatu wa jumuiya yake, wamemaliza ibada, wanakunywa chai. Akasikia mlango wa gari. Akauliza, "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

Mama akasimama, akanyoosha mikono, akaupata uso wa mwanawe. Akamvuta mpaka mlangoni penye mwanga. "Inama. Geuka kidogo. Hapana, huku. Hapo hapo, usitikisike." Akawa anausogeza ule uso, kushoto, kulia, polepole, mpaka ukaingia kwenye kile kitundu kilichobaki. Akautazama. Akautazama muda mrefu, mpaka akina mama wakaacha kunywa chai. Kisha akasema, "Umeota mvi. Na umenenepa mashavu. Mzuri kama siku niliyokuzaa." Na bwana yule, na mvi zake, akalia kama mtoto, akaona aibu kwamba alitaka kugeuza. Alifika angali anaonekana. Basi tumshukuru Mungu kwa hilo.

Wakakaa. Chai ikaja, na viazi vya kuchemsha. Bwana kachangamka, akaona atoe ushuhuda. Akasema, "Mama, na wewe unisaidie kumshukuru Mungu. Gari lilikuwa linaumwa, limepona."

Mama akaweka kikombe chini.

"Limepona?"

"Limepona kabisa, mama."

"Aa," mama akasema, na uso ukamshuka. "Kumbe limepona." Ndipo akauliza, "Na lilianza kuumwa lini?"

"Wiki iliyopita. Jumatano."

Mmoja wa wale akina mama akainuka haraka, akakimbilia jikoni, amejiziba mdomo na khanga. Wa pili akaanza kukohoa. Wa tatu akautazama ukuta.

Bwana akasema, "Mama, kuna nini?"

Mama akasema, "Mwanangu, mimi sitakudanganya, nimetoka kwenye maombi sasa hivi. Hilo gari mimi ndiye niliyekuombea ulipate. Nilisema, Bwana, mpe mwanangu gari, aache kuhangaika na basi, awe anakuja mara nyingi. Akakupa. Ukaacha kuja. Basi wiki iliyopita tukafunga mimi na hawa wenzangu, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Tukaomba liharibike, urudi kwenye basi."

"Mama!" Bwana kasimama, mikono kichwani. "Mnafunga siku tatu kuliombea gari langu liharibike? Gari? Limekukosea nini? Kwa nini usiniombee mimi nibadilike?"

Na yule mama mwenye macho yanayozimika akamjibu kwa upole sana. Sikilizeni jibu lake, maana ndilo nililowaitia leo.

Akasema, "Wewe nimekuombea miaka mitatu, mwanangu. Ukawa mgumu. Nikaona bora nihamie kwenye gari, litasikia haraka zaidi."

Chekeni, chekeni. Mimi nilipofika hapo jana wembe ulinikata, mnaona hii plasta? Ila tukishamaliza kucheka, tuulizane sisi kwa sisi.

Sisemi kila taa ya njano imewashwa na Mungu. Nyingine ni mafuta machafu tu, nenda kwa fundi. Na simsemi mtu kwa kuwa na gari zuri. Nunua! Nunua na lenye viti vya moto, ukinipitia asubuhi nitapanda, hata viatu nitavua. Gari halikumkosea mama yule. Biashara yako haijamkosea mtu, wala hiyo nyumba, wala cheo, wala hiyo simu usiyoiweka chini hata mtoto akikusemesha. Vyote vilikuja kama majibu ya maombi ya mtu. Lakini jiulize, yule aliyekuombea upewe, tangu upewe amekuona mara ngapi?

Sisi tumekuwa hodari wa kunguruma uani. Tunaimba vizuri, tunasema "Nakupenda mama" kwenye simu, tunasema "Bwana nitume" huku tumefunika turubai. Kila Jumapili dakika kumi na tano, moto wenyewe haujakolea, tunazima. Halafu tunashangaa mbona mioyo mizito, mbona hata kilima kidogo cha kumsamehe jirani kinatushinda. Hatujachoka, ndugu zangu. Hatujakwenda popote.

Na wewe unayenisikiliza, yupo mtu. Inawezekana ni mama yako, au mkeo, au mtoto aliyeacha kukuuliza utarudi saa ngapi. Amepiga magoti kwa ajili yako muda mrefu, jina lako ndilo la kwanza kwenye maombi yake. Bado hajachoka, lakini wewe ni mgumu, na kile unachokipenda sana anakiona pale, kinang'aa, kimefunikwa.

Basi tusimame kwa baraka. Nikishasema Amina, msisimame nje kupiga soga. Kila mmoja aende anakosubiriwa, leo, wakati bado tunaombewa sisi, kabla hawajahamia kwenye magari yetu.